UZI: Risasi nzima inapanda ndege, vipande vyake vinaachwa chini. Kwa nini?

1/ Kila mjadala wa bunduki ukianza hapa Kenya, iwe kwa runinga ama kwa kiti cha nyuma cha matatu, kuna sentensi mbili hazikosi. Ya kwanza: "Marekani huko mtu hubeba anachotaka." Ya pili: "Ganda tupu si risasi, ni chuma tu." Zote mbili ni ukweli nusu. Ile nusu ingine ndiyo huwapeleka watu korokoroni. Leo tuzifungue polepole. Uzi ni mrefu, chukua chai.

2/ Mwenzangu wa hosteli alikuwa anasafiri kwenda kwao. Ndani ya mfuko mdogo wa begi kulikuwa na ganda moja la risasi aliloliokota barabarani siku ya maandamano. Aliliweka kama kumbukumbu, kisha akalisahau. Mashine ya ukaguzi haikulisahau. Akakalishwa kwenye benchi karibu saa tatu akijieleza, safari ikamwacha. Mwishowe akaachiliwa. Aliponipigia simu, swali lake la kwanza lilikuwa: "Kwani ganda ni kosa?" Mimi msomi wa sayansi ya siasa nikakosa jibu. Ndio nikaanza kusoma.

3/ Tuanze na kitu chenyewe. Tunachoita "risasi" ni vitu vinne vilivyounganishwa. Kuna GANDA, mara nyingi la shaba nyeupe ama chuma. Kuna KIWASHIO, kile kidude kidogo kwenye kitako cha ganda, kinachotoa cheche kikigongwa. Kuna BARUTI ndani ya ganda, inayoungua haraka na kusukuma. Na kuna KICHWA, kile kipande kinachoruka na kuumiza. Bunduki ikilia, baruti na kiwashio vinaisha na kichwa kinaenda. Ganda linabaki.

4/ Na kwa sababu ganda linabaki, kuna watu hulitumia tena. Wanaweka kiwashio kipya, baruti mpya na kichwa kipya, na wana risasi nyingine. Marekani hii ni shughuli ya kawaida kabisa ya watu wa shabaha na wawindaji. Wengine wanafanya kupunguza gharama, wengine wanataka usahihi zaidi wa shabaha, wengine wana bunduki za zamani ambazo risasi zake hazipatikani dukani. Vifaa vyake vinauzwa madukani wazi.

5/ Sasa fikiria mmoja wao anasafiri kwenda mashindano jimbo lingine. Ana maganda mia mbili, boksi la viwashio, kopo la baruti na mfuko wa vichwa. Hana hata risasi moja iliyokamilika. Anajiambia, "Mimi sina risasi." Je, anaweza kupanda ndege? Je, anaweza kuendesha gari mpaka huko? Majibu yake ni tofauti, na yatakushangaza.

6/ Kabla hatujaendelea, shika jambo hili moja, maana uzi wote umekaa juu yake. Sheria huuliza maswali MAWILI kuhusu risasi. Swali la kwanza: "Itatulipukia njiani?" Hilo ni swali la usalama wa safari. Swali la pili: "Iko mikononi mwa nani?" Hilo ni swali la umiliki. Yanaulizwa na ofisi tofauti, kwa sababu tofauti. Kufaulu moja si kufaulu lingine. Wanasiasa wetu wakibishana, mara nyingi mmoja anajibu la kwanza na mwenzake anajibu la pili, halafu sisi tunapiga makofi.

7/ SWALI LA KWANZA: ITATULIPUKIA?
Kwa ndege za abiria Marekani, TSA, ile idara inayokagua abiria na mizigo, inaruhusu risasi kamili za bunduki ndogo. Lakini si kwa begi la mkononi. Zinaenda kwenye mzigo uliokabidhiwa, ndani ya boksi la kadibodi, mbao, plastiki ama chuma lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Kumwaga risasi ovyo ndani ya begi katikati ya soksi hakukubaliki.

8/ Kwenye safari za kimataifa, kanuni za IATA, chama cha mashirika ya ndege, zinaweka kikomo: kilo 5 kwa abiria mmoja, uzito pamoja na boksi, kwa matumizi yake mwenyewe, na shirika la ndege liwe limekubali. Mume na mke hawawezi kuunganisha zao ziwe boksi moja la kilo 10. Mashirika mengi ya Marekani hutumia kipimo hicho hicho, ratili 11.

9/ Sasa hapa ndipo watu hushangaa. Baruti peke yake: HAPANA. Si begi la mkononi, si mzigo wa chini. Viwashio peke yake: HAPANA, kote kuwili. Yaani risasi nzima, yenye baruti na kiwashio ndani, inaruhusiwa. Ukiifungua ukaweka vipande kando kando, vipande hivyo vinakatazwa. Mara ya kwanza kusoma hivyo nilidhani ni kosa la uchapishaji.

10/ Si kosa, ni fizikia. Risasi iliyo nje ya mtutu ikishika moto, ganda lake linapasuka na vipande vinaruka karibu, lakini hakuna mtutu wa kuipa nguvu. Kila moja inapasuka kivyake, na boksi zuri linazuia madhara mengi. Ndiyo maana kwenye orodha ya vitu hatari imewekwa kundi la chini kabisa la vilipuzi, lile ambalo madhara yake hubaki ndani ya pakiti.

11/ Baruti ya kopo ni hadithi nyingine. Hapo umeiweka mahali pamoja, na moto ukiipata inaungua yote kwa mpigo. Viwashio navyo vimetengenezwa viwake vikigongwa, hiyo ndiyo kazi yake duniani. Kiwashio kimoja kikilia katikati ya vingine vilivyomwagwa pamoja, kinaweza kuviamsha vyote. Angalia boksi lake dukani: kila kimoja kimekaa kwenye kitundu chake, mbali na jirani. Si urembo huo. Kuvihamishia kwenye chupa ya tembe ni kuutafuta msiba.

12/ Vipi ganda na kichwa? Kwa swali la kwanza, hivi havina shida kubwa. Ganda lililokwisha kupigwa halina cha kulipuka, na TSA huliruhusu. Kichwa ni kipande cha risasi nyeusi na shaba tu. Kwa hivyo yule aliyesema "ganda tupu ni chuma tu" ana haki, LAKINI kwa swali la kwanza pekee. Weka alama hapo, tutarudi.

13/ Posta? Huduma ya posta ya Marekani haipokei risasi za raia wa kawaida, wala baruti, wala viwashio. Kampuni binafsi za mizigo zinaweza kubeba baruti na viwashio kutoka kwa wauzaji waliofuata masharti, na mnunuzi hulipa ada ya vitu hatari juu ya bei. Ndiyo maana wengi huamua kununua wakifika, ama kusafiri na risasi walizokwisha kukamilisha nyumbani.

14/ Gari la binafsi? Kanuni za serikali kuu kuhusu usafirishaji wa vitu hatari zimelenga biashara. Mtu anayebeba vitu vyake kwa gari lake, bila biashara, hazimgusi. Kwa hivyo yule jamaa wetu wa mashindano anaweza kupakia kopo lake la baruti kwenye buti na kuondoka. Swali la kwanza limeisha. Anawasha gari akiimba. Anavuka mpaka wa jimbo. Na hapo swali la pili linamngoja kando ya barabara.

15/ SWALI LA PILI: IKO MIKONONI MWA NANI?
Sheria ya serikali kuu ya Marekani, inayotokana na ile ya kudhibiti bunduki ya 1968, haisemi "risasi" ni kile kitu kilichokamilika tu. Inasema ni risasi AMA maganda, viwashio, vichwa, ama baruti iliyotengenezwa kwa matumizi ya bunduki. Soma tena. Ganda liko ndani. Kwa hivyo mtu aliyekatazwa na sheria kumiliki risasi, kwa mfano aliyewahi kupatikana na hatia ya kosa kubwa, hawezi kujitetea kwamba "hizi ni vipande tu".

16/ Kisha kila jimbo lina lake. Massachusetts, kwenye sheria yake, inataja maganda, viwashio, vichwa na baruti kama risasi, na kumiliki risasi huko kunahitaji leseni. Washington, DC nayo imepanua maana mpaka vichwa na baruti vimo, na kwa kawaida unatakiwa uwe na bunduki iliyosajiliwa huko ndiyo uwe na risasi. California, kwenye sheria yake ya kununua risasi, inahesabu ile iliyojazwa na kukamilika. Mfuko ule ule wa vichwa, nchi ile ile, majibu matatu.

17/ Kuna kinga moja ya wasafiri. Sheria ya serikali kuu ya 1986 inasema mtu anaweza kupita na bunduki kutoka mahali anaporuhusiwa kuwa nayo hadi mahali pengine anaporuhusiwa, hata kama jimbo la katikati ni kali. Masharti: bunduki isiwe na risasi ndani, na bunduki pamoja na risasi visiwe karibu na mkono. Gari likikosa buti lililotengwa, viwe kwenye boksi lililofungwa kwa kufuli. Kile kisanduku cha mbele ya abiria hakihesabiki, hata ukikifunga.

18/ Tazama jinsi kinga hiyo ilivyo nyembamba. Ni ya kupita. Ni ya anayeruhusiwa mwanzo NA mwisho wa safari. Ukienda kumtembelea shangazi kwenye jimbo kali na ukalala kwake wiki mbili, hupiti tena, umefika. Kwa hivyo lile neno "Marekani hubeba anachotaka" lirudishwe lilikotoka. Marekani mtu hubeba kile ambacho mahali aliposimama pameruhusu, na mahali hapo hubadilika kila akivuka mstari ambao barabarani hata hauonekani.

19/ Ukivuka mpaka wa nchi ndiyo kabisa. Serikali ya Marekani imekuwa ikiwaonya raia wake kwamba kuingia Mexico na hata risasi moja kunaweza kukufunga. Na mwaka 2024 Wamarekani kadhaa walijikuta mahakamani visiwa vya Turks na Caicos kwa sababu ya risasi zilizopatikana kwenye mizigo yao. Wengine walisema zilisahaulika tu kwenye begi la uwindaji. Sheria ya huko ilikuwa imeweka kifungo cha chini cha miaka 12. Miaka kumi na miwili, kwa begi ambalo hukulikung'uta.

20/ Walioshtakiwa walipata adhabu nyepesi kuliko hiyo kwa sababu mahakama ilikubali kulikuwa na mazingira ya kipekee, na baadaye mwaka huo huo sheria ikarekebishwa ili hakimu awe na nafasi zaidi ya kupima. Wanafunzi wenzangu, huo ndio mjadala wa kisiasa ndani ya kesi ndogo: je, sheria ya silaha iwe na kifungo cha chini kisichopunguzwa, ama tumwachie hakimu atofautishe msahaulifu na mlanguzi? Visiwa vile vina shida halisi ya bunduki za magendo, kwa hivyo waliotaka ukali hawakuwa wapumbavu. Lakini wavu wao ulinasa mtalii.

21/ TURUDI NYUMBANI.
Kenya, swali la pili linajibiwa na Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114. Huwezi kuwa na bunduki AMA risasi bila cheti, na cheti chenyewe kinataja idadi ya risasi unazoruhusiwa. Kuna Bodi ya Leseni za Silaha. Kuingiza nchini ama kutoa nje kunahitaji kibali. Baruti na vilipuzi vina sheria yake nyingine, Sura ya 115, inayohusu mpaka usafirishaji. Watu wa machimbo ya mawe wanaijua hiyo vizuri kuliko mimi.

22/ Kwa hivyo jamaa yako wa diaspora anayecheza shabaha huko Texas asidhani atakuja likizo na kopo lake na viwashio vyake kwa sababu "ni vipande". Ndege itamkataa kwa swali la kwanza. Na akipenya kwa bahati, Kenya itamuuliza la pili. Vile vile mgeni anayepitia Nairobi akienda kuwinda Tanzania. Huku kwetu uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku 1977, kwao unaruhusiwa kwa leseni. Kibali cha kule anakokwenda hakimkingi anakopitia.

23/ Sasa mtu atauliza: kwani kwa nini serikali zijisumbue na vipande? Kuna Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, iliyopitishwa 2001 na kuanza kutumika 2005, na Kenya imo. Inasema risasi ni risasi kamili ama sehemu zake: maganda, viwashio, baruti, vichwa. Halafu inaongeza sharti dogo: mradi sehemu hizo zenyewe zinahitaji idhini katika nchi husika. Ona ujanja wa sentensi hiyo. Dunia imetaja vipande, kisha ikarudisha uamuzi kwa kila bunge.

24/ Eneo letu nalo lina Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 2004, na kituo cha kuisimamia, RECSA, kiko hapa hapa Nairobi. Sababu ya kuwa hapa si hoteli nzuri. Ni kwa sababu kuanzia Karamoja mpaka Turkana, na kuvuka hadi Sudan Kusini na Ethiopia, bunduki zimekuwepo kwa miongo mingi. Bunduki ikitunzwa inadumu miaka hamsini. Risasi inatumika mara moja. Ukitaka kujua vita vinalishwa na nani leo, usiulize bunduki ilitoka wapi. Uliza risasi.

25/ Na hapa ndipo ganda linageuka kuwa shahidi. Kwenye kitako cha maganda mengi kuna alama zilizogongwa: kiwanda, na mara nyingi mwaka. Mwaka 2008 taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey ilichapisha ripoti kuhusu Turkana Kaskazini. Watafiti walilinganisha alama za risasi za raia na zile za polisi. Walichopata: karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka kinyume cha sheria huko zilitoka kwa polisi wenyewe. Zikiwemo zenye alama ya kiwanda chetu cha Eldoret.

26/ Kabla hujakasirika, ripoti yenyewe ilieleza sababu. Askari walikuwa wachache, eneo kubwa mno, na wavamizi wanavuka mpaka. Risasi zikapewa wenyeji wajilinde. Unaweza kusema ni busara ya shida, unaweza kusema ni kumwaga petroli. Mimi sikuamulii. Ninachosema ni kwamba tusingejua lolote kama hakuna mtu aliyeinama akasoma kitako cha ganda. Na ganda likijazwa upya na mtu asiyejulikana, alama inabaki ya kiwanda lakini aliyelijaza hana alama. Ndiyo maana wanaofuatilia silaha wanajali vipande.

27/ Tuweke pande mbili mezani kwa haki.
Upande wa ukali: ukidhibiti risasi kamili ukaacha vipande, umefunga mlango na kuacha dirisha. Mtu atapitisha vipande kidogo kidogo, aviunganishe mbele.
Upande wa ulegevu: ganda halimuui mtu, wahalifu wetu hawakai jikoni wakipima baruti, wananunua tayari. Ukipanua maana ya risasi mpaka ganda, unaoshika ni watoto wa shule na watalii.
Zote ni hoja za watu wazima. Shida ni kuzichanganya na matusi.

28/ Msimamo wangu, maana mtaniuliza tu: vipande vinavyolipuka, yaani baruti na viwashio, vidhibitiwe kwa ukali kamili, hata vikiwa peke yake. Ganda na kichwa sheria iviseme WAZI, kwa maneno ambayo mtu wa kawaida anaelewa, na hakimu aachiwe nafasi ya kupima nia. Sheria inayomtia mtu hofu bila kumwambia mstari uko wapi haimzuii mlanguzi, kwa sababu mlanguzi ana wakili. Inamzuia yule wa benchi.

29/ Kwa hivyo mheshimiwa akisimama kwenye jukwaa na kusema "tutamaliza silaha haramu", muulize maswali matatu. Moja: mpango wako unahesabu bunduki peke yake, ama na risasi? Mbili: risasi za serikali zikitoka ghalani, nani anaandika zilizotumika na zilizorudi? Tatu: sheria unayotaka inamtofautishaje aliyesahau na aliyeficha? Akijibu la kwanza tu kwa sauti kubwa, mpigie makofi nusu.

30/ Sasa ya kutumia kesho asubuhi. Ukisafiri na begi lililowahi kwenda uwanja wa shabaha, ama la ndugu aliye kwenye kikosi, likung'ute mpaka mifuko ya ndani. Bora zaidi, tumia begi lingine. Kama una leseni ya silaha, uliza shirika la ndege kwa maandishi na uulize nchi unayokwenda NA unayopitia. Maneno "rafiki yangu alipita nayo" si kibali.

31/ Na nyinyi mliookota maganda siku za maandamano. Najua kwa nini mliyaokota. Lakini ganda kwenye rafu ya chumba halisemi kitu, na ganda kwenye begi linasema vibaya. Ukiliona chini, lipige picha pale lilipo, kitako kionekane, na mahali paonekane. Andika saa na tarehe. Mwambie wakili, ama upeleke habari IPOA, wasimamizi wa kiraia wa polisi. Linaweza kuwa ushahidi wa mtu aliyeumia, na ushahidi ukishazunguka mifukoni hupoteza nguvu.

32/ Mwenzangu wa hosteli, lile ganda lilichukuliwa na hakupewa karatasi yoyote. Hakuna aliyesoma kitako chake. Hajui lilitoka kiwanda gani, wala lilipigwa na nani, wala lilimpata nani. Alichobaki nacho ni picha moja yenye ukungu aliyoipiga kabla hajaliweka mfukoni. Tumeikuza mpaka mwisho. Alama ipo, haisomeki.

33/ Basi ukisikia tena "ni chuma tu", ukumbuke maswali mawili. Je, litalipuka? Hapana. Liko mikononi mwa nani, na lilifikaje hapo? Hilo la pili ndilo siasa. Wiki ijayo tutaangalia hoja ya askari wa akiba na nani anafaa kuwapa silaha. Kama kuna mahali nimekosea, nirekebisheni kwa hoja.